Ukiandika "ya Wanawake", Andika na "ya Wanaume"

Novemba 24, 2022 kule Qatar, Cristiano Ronaldo aliifunga Ghana kwa penalti. Ukiandika kwamba siku hiyo alikuwa mchezaji wa kwanza kufunga katika fainali tano tofauti za Kombe la Dunia, umekosea. Marta wa Brazil na Christine Sinclair wa Canada walishafanya hivyo 2019, Ufaransa. Dawa yake ni neno moja: mwanaume wa kwanza.

Kiswahili kimetupa nafasi nzuri hapa. Mchezaji, mfungaji, kipa, kocha, mwamuzi, yeye: hakuna hata moja lenye jinsia. Lakini ndiyo maana ukisema "mchezaji wa kwanza" umewasemea wote, na dai lako lazima liwe kweli kwa wote. Kabla hujachapisha, tafuta katika andiko lako "wa kwanza", "rekodi" na "wa muda wote", kisha pima kila sentensi kwa pande zote mbili. Hadi fainali za 2022, Miroslav Klose wa Ujerumani aliongoza kwa wanaume akiwa na mabao 16 ya Kombe la Dunia. Marta anayo 17.

Upande wa ligi, kanuni ni moja: zikikutana mbili katika andiko moja, zote zitajwe kwa ukamilifu. Ligi Kuu ya Wanaume, Ligi Kuu ya Wanawake. Usiandike "Ligi Kuu" halafu chini "Ligi Kuu ya Wanawake", kana kwamba ya pili ni tawi la ya kwanza. Makala ikihusu moja tu, itaje kikamilifu aya ya kwanza, halafu endelea na "ligi". Majina rasmi usiyaguse: WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, ni WNBA, Simba Queens ni Simba Queens.

Wapo wanaosema wanaume walitangulia, kwa hiyo jina tupu ni lao. Hoja hiyo inasahau waliofungiwa mlango. Desemba 26, 1920, mechi ya timu ya wanawake ya Dick, Kerr Ladies iliingiza watu wapatao 53,000 katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Mwaka uliofuata chama cha soka cha Uingereza, FA, kikavizuia vilabu vyake kuwapa wanawake viwanja, na zuio hilo likadumu karibu miaka 50.

Kuondoa jinsia kote kunasikika vizuri, ila kuna mtego wake. World Rugby, shirikisho la raga duniani, ilifanya hivyo 2019. Matokeo yake, Kombe la Dunia la Raga lililochezwa New Zealand 2022 (la wanawake) na lile la Ufaransa 2023 (la wanaume) yakabeba jina lilelile, na shabiki akabaki kuhesabu miaka ili ajue anasoma lipi. Sasa wamerudi kutaja pande zote: la Wanawake 2025, la Wanaume 2027. Huo ndio uamuzi sahihi.

Jina hubeba na pesa. Marekani, chapa ya March Madness ya mpira wa kikapu wa vyuo ilikuwa ya wanaume peke yao hadi 2022. Mwaka mmoja nyuma yake wachezaji wanawake, huko San Antonio, walikuta eneo la mazoezi lina kijirafu kimoja cha vyuma vya kunyanyua na mikeka, wakati wanaume walikuwa na ukumbi mzima wa vifaa.

Kwenye majina ya timu, angalia kama moja limepunguzwa kutoka kwa jingine. Harambee Stars na Harambee Starlets, timu za taifa za Kenya: kwa Kiswahili ni kama kumwita huyu nyota na yule kinyota. Twiga Stars, timu ya wanawake ya Tanzania, ni jina bora zaidi kwa sababu twiga anasimama mwenyewe. Kama mnaanzisha klabu, waulizeni wachezaji kabla ya kubandika "Princess". Na "wasichana" liacheni kwa timu za umri mdogo kama Serengeti Girls. Mtu wa miaka 28 ni mwanamke, na "warembo" halihusiani na mpira.

Mnaoandaa kombe la kata, amueni majina kabla ya fomu za usajili, maana kosa la kwenye fomu hunakiliwa kwenye ratiba, bango, vyeti na mwisho kwenye kibao cha kombe, ambacho kukichonga upya ni gharama. Nafasi ikiwa finyu tumieni Me na Ke, vifupisho ambavyo kila aliyewahi kujaza fomu anavijua. Visimame mahali pamoja, kwa ukubwa mmoja wa herufi: "Nusu fainali (Ke), saa 8. Nusu fainali (Me), saa 10." Ke ikiwa na mabano na Me ikiachwa wazi, mmerudi mlikotoka.