Je, Coke wa Norfolk ndiye aliyegundua mzunguko wa mazao?

SWALI: Nalima mahindi kwenye shamba la kukodi, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Nimesoma kwamba Thomas Coke, mbunge na mwenye mashamba wa Uingereza, aligundua mzunguko wa mazao manne na kuigeuza michanga ya Norfolk kuwa mashamba ya ngano. Ni kweli? Naweza kumuiga?

JIBU: Hakuugundua. Coke alirithi Holkham, mashamba makubwa ya ukoo wake huko Norfolk, mwaka 1776, mwaka huohuo akaingia Bungeni, na tayari wakulima wa Norfolk walikuwa wakipanda turnipu (zao la mizizi linaloliwa na mifugo) na klova (majani ya malisho ya jamii ya kunde). Lodi Townshend wa Raynham, jirani na Holkham, aliyefariki 1738, alizisifu turnipu hadi akabandikwa jina la "Turnip Townshend". Coke alichojua ni kujinadi: hadi 1821 alialika wageni kila mwaka msimu wa kunyoa kondoo, wakala, wakanywa, wakakagua mifugo. Mwanasiasa ni mwanasiasa.

Mzunguko wenyewe ni ngano, turnipu, shayiri, kisha klova, shamba halilali. Turnipu hupaliliwa kwa jembe, magugu yakapungua. Baridi ikiingia, kondoo hufungiwa mumo humo shambani kwa uzio wa kuhamishwa. Wanakula, wananya, na kwato zao zinashindilia ule mchanga mwepesi. Shayiri ikija inakuta mbolea imeshalala. Klova nayo ina vinundu mizizini, na bakteria waliomo hunasa naitrojeni ya hewani, chakula cha mimea. Ngano hufaidi hapo.

Lakini michanga ile ilikuwa na uchachu, turnipu peke yake isingefua dafu. Watu walichimba udongo wenye chokaa, wakausomba kwa mikokoteni na kuumwaga shambani ili kuua uchachu huo. Gharama unalipa leo, faida inakuja kidogo kidogo kwa miaka. Nani atafanya hivyo kwenye shamba la mwenziwe? Wapangaji wa Holkham walithubutu kwa sababu mikataba ya huko kwa kawaida ilikuwa ya miaka 21, tena yenye masharti ya namna ya kulima. Mimi ningeiga hilo kabla ya turnipu.

Kwa mkataba wako wa mwaka mmoja, changanya mahindi na kunde au maharage: kazi ya klova wataifanya hao, na chakula unavuna msimu huohuo. Chokaa usinunue hata mfuko mmoja mpaka upime udongo, na mwenye shamba akusainie angalau miaka mitano.