Jino la mbele la mtoto limekufa kabla mzizi haujakomaa: ling'olewe?

Swali: Habari za kazi, daktari. Nina mgonjwa wa miaka 9 aliyeanguka na baiskeli mwaka jana. Jino lake la mbele la juu limekuwa jeusi, na ufizini pana kipele kinachotoa usaha. Eksirei inaonyesha mzizi mfupi, ncha wazi. Mama anataka ling'olewe. Nimesikia kuna matibabu ya kuita damu ndani ya mzizi. Yanafaa? – Tabibu wa meno, Kondoa

Jibu: Nzuri, tabibu mwenzangu. Tafadhali mbembeleze mama, jino lising'olewe. Taya la mtoto bado linakua, hivyo jino la kupandikiza halitawezekana mpaka awe mtu mzima, na mfupa wa pengo hunywea mapema.

Mzizi wa jino hilo hukamilika kwenye miaka 10 hivi. Kiini (nyama laini yenye mishipa iliyo ndani ya jino) kikifa kabla ya hapo ujenzi husimama, kuta zikabaki nyembamba na gutapacha, utomvu wa kawaida wa kujazia mzizi, ikakosa pa kushikia. Unaweza kuziba ncha kwa saruji ya MTA, na ni tiba nzuri, ila haiongezi unene wa kuta. Kuita damu kunaweza kuuongeza.

Siku ya kwanza usikwangue kuta kwa faili. Osha taratibu kwa dawa ya kuua vijidudu, sodiamu haipokloraiti ya asilimia 1.5, mililita 20 kwa dakika 5, sindano ikiishia milimita 1 kabla ya ncha. Ukiwa na ya asilimia 3, changanya nusu kwa nusu na maji ya sindano. Hapa naomba uwe mkaidi: dawa kali zaidi huua seli shina zilizoko nchani, na hizo ndizo zinazotarajiwa kujenga. Suuza kwa salini, weka kalisiamu haidroksaidi, ziba, mrudishe baada ya wiki 1 hadi 4. Antibiotiki ya minosaiklini iepuke, hutia jino rangi.

Akirudi na usaha, rudia. Kukiwa kukavu, tumia ganzi isiyo na adrenalini, maana adrenalini hubana mishipa nawe unaitaka damu. Osha kwa EDTA (kimiminika cha kusafishia kuta za mzizi) ya asilimia 17, mililita 20, ukaushe, kisha pitisha faili milimita 2 nje ya ncha mpaka damu ipande. Iache igande milimita 3 hadi 4 chini ya shingo ya jino. Funika kwa saruji ya Biodentine (kwa jino la mbele naipenda kuliko MTA, ambayo mara nyingi huacha weusi), halafu kijazio cha glasi ionoma.

Mama aambiwe ukweli. Lengo la kwanza ni usaha na maumivu kuisha. Mzizi kurefuka ni tumaini, si ahadi, na kinachoota ndani mara nyingi hufanana na mfupa au sementi ya mzizi kuliko kiini halisi.

Eksirei za miezi 6, 12 na 24 ni sehemu ya tiba. Kama familia inahamahama na mifugo na huna hakika ya kumwona tena, chagua MTA. Kama huna EDTA wala mpira wa kutenga jino, mpe rufaa aje Dodoma mjini na eksirei yake, na kabla hajaondoka pima jino la jirani kwa baridi uone kama bado li hai, kwani anguko lile huenda liliyapiga yote mawili.