Kwa nini paka aliyeshiba anamtesa panya

Dada wa Arua, umeuliza kwa nini paka wako aliyezaa juzi, na chakula anapata, anamleta panya akiwa hai ndani na kumchezea. Si ukatili. Hamu ya paka kuwinda haisubiri njaa. Kinachokimbia hukirukia tu. Panya naye huuma vibaya, kwa hiyo paka humchosha kwanza ndipo amng'ate shingoni. Tena mama huwaletea watoto windo lililo hai wajifunze kuua. Kutazama kunaumiza, nakuelewa kabisa.

Ila tafadhali sana, usimshike panya huyo kwa mikono mitupu! Huko kwenu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ugonjwa wa tauni umekuwa ukitokea, na viroboto wa panya ndio huueneza. Mtoe kwa beleshi, umzike, watoto wakae mbali.