Maswali yenu kuhusu Rwanda: gorila, Nyungwe, Kivu na hizi safari za siku mbili

Barua za mara hii zimeelemea upande mmoja, Rwanda. Nimejibu zile ambazo jibu lake litawafaa wengi. Walioniuliza kibali cha gorila ni kiasi gani kwa shilingi ya nyumbani sikuwajibu, kwa sababu bei hupangwa kwa dola na shilingi haikai mahali pamoja.

Nina siku mbili tu. Nataka gorila, msitu wa Nyungwe, Akagera na Ziwa Kivu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kalenda, uongeze siku. Swali hili linarudi kila mara, na kila mara mwulizaji ameangalia ramani, akaona nchi ya kilomita za mraba 26,338, akaamini ataimaliza wikendi moja. Kuivuka utaivuka. Kuiona ni jambo jingine. Barabara kuu ni nzuri lakini zinazunguka vilima mfululizo. Nyungwe iko kusini-magharibi, na kutoka Kigali safari inakula sehemu kubwa ya mchana. Akagera iko upande wa pili kabisa, kwenye mpaka wa Tanzania. Anayejaribu yote kwa siku mbili anaishia kuona viti vya gari.

Ukiwa na siku mbili kweli, nenda Musanze, mji ulio karibu na gorila, ukalale. Kesho yake uwe Kinigi, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Volkano, saa moja kamili asubuhi. Panda, rudi, pumzika, tembea mjini jioni. Basi. Mengine yasubiri safari nyingine.

Dola 1,500 kwa saa moja na gorila! Huu si wizi?

Si wizi, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu lalamiko hili linasemwa sana na watu ambao hawajajiuliza fedha inakwenda wapi.

Hadi Mei 2017 kibali kilikuwa dola 750. Wakaiongeza maradufu kwa makusudi. Familia moja ya gorila hupokea wageni wanane tu kwa siku, na wageni hao hukaa nao saa moja tu. Ukitaka kupata fedha nyingi zaidi una njia mbili: upandishe bei au uongeze watu. Rwanda imepandisha bei, na mimi niko upande wake. Kuongeza watu ni kuongeza kelele, vikohozi na njia mpya zilizokatwa msituni.

Fedha hiyo inalipa askari wa hifadhi na wafuatiliaji wanaolijua kila dume kwa sura. Asilimia 10 ya mapato ya hifadhi inakwenda kwa vijiji vinavyozizunguka, kwenye shule, maji na zahanati. Mpango huo ulianza mwaka 2005 kwa asilimia 5, ukaongezwa mwaka 2017. Mkulima ambaye nyati wamemmalizia viazi usiku ana haki ya kuuliza msitu unamletea nini, na hapo anapata sehemu ya jibu. Kwa maoni yangu asilimia 10 bado ni ndogo.

Matokeo yanahesabika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 milima ya Virunga, iliko hifadhi hii, ilikuwa imebaki na gorila wapatao 250. Sensa ya 2015 na 2016 ilikuta 604. Ukijumlisha na wale wa Bwindi, Uganda, waliohesabiwa mwaka 2018, wanafika 1,063, na mwaka huohuo wakashushwa daraja moja la hatari kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Nyani wakubwa wengine wa Afrika wanazidi kupungua.

Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanalipa sehemu ndogo tu ya dola 1,500, kwa hiyo ndugu yangu wa Eldoret uliyeandika kwa hasira, ulikuwa unalalamikia bei ambayo si yako. Chukua pasipoti, maana bei inafuata uraia. Na kama bado ni nzito, hifadhi hiyohiyo ina kima wa dhahabu, kuna mlima Bisoke wenye ziwa kileleni kwenye mita 3,711, na kuna njia ya kwenda Karisoke, kituo alichokianzisha Dian Fossey mwaka 1967 na alikozikwa baada ya kuuawa Desemba 1985. Yote hayo ni nafuu zaidi.

Saa moja ni fupi. Nikimpa mwongozaji kitu kidogo, ataniongezea dakika?

Hapana, na usimuulize. Unamwomba auze kazi yake na afya ya wanyama anaowalinda.

Nina mafua kidogo tu, na kibali nimeshalipia. Watagundua?

Wewe umeshagundua, na hilo linatosha. Usipande.

Gorila anakaribiana nasi kwa damu kiasi kwamba mafua yetu yanamshika, ila yeye hana kinga tuliyojijengea. Mwaka 2009 familia ya Hirwa, hapo hapo Rwanda, ilipatwa na ugonjwa wa njia ya hewa. Wakafa wawili, jike mmoja mzima na mtoto mchanga. Wataalamu walipopima waliwakuta na virusi vinavyosababisha mafua kwa binadamu. Hakuna aliyekusudia kuwaua. Mtu fulani mahali fulani alikuwa na mafua kidogo tu.

Ndiyo maana kuna barakoa, ndiyo maana kuna umbali wa mita 10. Na umbali huo si wa gorila kuuheshimu, ni wako. Mtoto wa gorila akikusogelea, wewe ndiye unayerudi nyuma, hata kama picha ingekuwa nzuri kuliko zote ulizowahi kupiga. Nimechoka kuona mitandaoni picha za watalii wanaoshikwa mguu na gorila huku wanacheka, na chini yake maelfu ya watu wanawapongeza.

Ukiamka unaumwa, sema kabla kundi halijaondoka Kinigi, uombe siku nyingine. Ndiyo sababu nyingine ya kutopanga safari ya siku mbili: aliye na siku sita anaweza kusubiri apone, aliye na mbili anadanganya.

Mwanangu ana miaka 13 lakini ni mrefu na ana nguvu. Watamruhusu kuwaona gorila?

Hapana. Ni miaka 15, na wanaangalia tarehe ya kuzaliwa. Mpeleke Nyungwe akapite juu ya daraja la kuning'inia, urefu wake mita zaidi ya 150, miti iko chini ya miguu.

Nyungwe ina nini zaidi ya hilo daraja?

Swali zuri, na ni la nadra. Nyungwe ni msitu wa mvua wa milimani, zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na mwaka 2023 uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Una aina 13 za jamii ya nyani, wakiwemo sokwe na makundi ya mbega ambayo huenda pamoja kwa mamia. Maji yake yanagawanyika pande mbili, mengine yanashuka kuelekea Kongo, mengine yanaanza safari ndefu ya Nile. Sokwe wanatembea haraka kuliko gorila, kwa hiyo unaweza kutoka giza la alfajiri, ukapanda na kushuka asubuhi nzima, ukawasikia bila kuwaona. Asiyeweza kulikubali hilo aende bustani ya wanyama. Kaa siku tatu. Tembea njia za maporomoko ya maji na mwongozaji anayejua ndege. Mvua itakunyeshea hata kiangazi, beba koti zuri.

Je, ni lazima nichukue mpagazi? Begi langu jepesi.

Si lazima. Mchukue. Tope la Virunga linafika kwenye kifundo, majani yanawasha hata juu ya suruali, na kwenye mteremko mkono wa mpagazi una thamani kuliko buti za bei kubwa. Wengi ni vijana wa vijiji vya jirani na baadhi walikuwa wakiishi kwa kutega mitego msituni. Siku wanayokosa mzigo, mtego unaanza kuonekana tena kama kazi. Lipa bila kuvutana, na uvae glavu na mikono mirefu.

Nimeshaona Serengeti. Akagera itaniongezea nini?

Utaona hifadhi iliyorudishwa kutoka karibu na kifo. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wakimbizi waliorejea na ng'ombe wao walihitaji ardhi, na mwaka 1997 zaidi ya nusu ya hifadhi ikagawiwa. Simba walitiliwa sumu hadi wakaisha. Faru weusi nao wakatoweka. Tangu 2010 hifadhi inaendeshwa na serikali pamoja na shirika la uhifadhi la African Parks. Mwaka 2015 wakaletwa simba saba kutoka Afrika Kusini, mwaka 2017 faru weusi 18. Sasa simba wanazaana wenyewe. Usiende kutafuta misafara ya nyumbu. Panda mashua kwenye Ziwa Ihema, uone viboko, mamba na ndege wa majini, kisha zungumza na waongozaji wa kutoka vijiji vya jirani. Watakueleza maisha yalivyokuwa kabla ya uzio, na kwao si habari ya kusoma.

Eti Ziwa Kivu lina gesi ya kulipuka. Ni salama kuogelea?

Gesi ipo kweli: hewa ukaa takribani kilomita za ujazo 300 na methani takribani 60, zimeyeyuka kwenye kina kirefu cha ziwa na kufunikwa na maji yaliyo juu yake. Ziwa Nyos la Kameruni, dogo sana kuliko hili, lilitoa gesi yake mwaka 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Kwa hiyo wasiwasi wako si wa kijinga. Lakini maji ya juu unayoogelea hayana tatizo hilo, na kule Karongi, upande wa Rwanda, wanaivuta methani kuzalisha umeme. Hatari iliyo karibu nawe zaidi ni mashimo na mabonde madogo ya upande wa kaskazini, hasa kuelekea Goma, ambako hewa ukaa hutoka ardhini na kutuama kwa sababu ni nzito. Wenyeji wakikuambia usikae mahali fulani, ondoka hapohapo.

Na usikae ufukweni tu. Njia ya Congo Nile, kilomita 227 kando ya ziwa kutoka Rubavu hadi Rusizi, ni ya kutembea siku 10 au kuendesha baiskeli siku tano hivi. Hakuna kitu Rwanda ninachokipendekeza kwa moyo mmoja kuliko hiyo. Unapita mashamba ya kahawa, unalala kwa wenyeji, fedha unaiacha mkononi mwa aliyekupikia.

Nije mwezi gani?

Juni hadi Septemba, au kuanzia katikati ya Desemba hadi Februari. Machi hadi Mei ni masika, njia zinateleza.

Naweza kuja na gari langu kutoka Kenya?

Unaweza, lakini Rwanda wanaendesha kulia. Mchana utakumbuka, hatari ni alfajiri, unapotoka hotelini barabara ikiwa tupu. Kamera za mwendokasi ni nyingi. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii: asubuhi magari yanasimama na maduka yanafungwa hadi karibu saa tano. Usipange kufukuzia ndege asubuhi hiyo.

Ningependa kujua ya 1994. Nimuulize dereva wangu?

Usimuulize. Na usimuulize mtu yeyote ni kabila gani, hata kwa nia njema. Nenda kwenye kumbukumbu ya Gisozi, Kigali, walikozikwa watu zaidi ya 250,000. Tenga nusu siku, usiingie mbio ukielekea uwanja wa ndege. Dereva akitaka kuzungumza ataanza mwenyewe, nawe usikilize tu. Ukija wiki inayoanza Aprili 7, fahamu kwamba nchi iko kwenye maombolezo, na upange matembezi yako kwa kuliheshimu hilo.

Mifuko ya plastiki?

Imepigwa marufuku tangu 2008. Itoe kwenye begi kabla ya mpaka, hata ile uliyofungia viatu.