Sensa (kihisi) ya zebaki kwa chembe nano za dhahabu: jibu kwa aliyeuliza

Umeuliza kama mwanafunzi wa hapa Nairobi anaweza kutengeneza sensa ya kupima zebaki kwenye maji kwa chembe nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, bila mashine za mamilioni. Anaweza, ndugu yangu. Nafanya kazi kwenye maabara ya kemia hapa mjini, na swali hili naletewa kila mwaka.

Anza na dhahabu. Njia ya mwanakemia Turkevich ya 1951 haijapitwa na wakati: chemsha maji yenye chumvi ya dhahabu kidogo sana, mimina sitrati (chumvi ya asidi ya limau), endelea kukoroga. Unjano unapotea, maji yanaingia weusi kidogo, halafu wekundu unaanza kukolea mbele ya macho yako. Hapo una chembe za nanometa kati ya 10 na 20 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Zikikaa mbalimbali, maji ni mekundu. Zikishikana, yanageuka zambarau au buluu. Sensa yako itategemea badiliko hilo. Hata ule mstari mwekundu wa kipimo cha ujauzito mara nyingi ni chembe hizi hizi.

Wengi hushangilia hapo, na mapema mno. Chota maji ya kisima yenye chumvi, changanya na chembe zako: yatageuka buluu na zebaki haimo! Sitrati huzipa chembe chaji hasi, nazo zinasukumana. Chumvi ikizidi, msukumano unakufa, zinagandana. Kwa hiyo rangi peke yake haijathibitisha kitu.

Unahitaji kitu kinachoitambua zebaki yenyewe, ili rangi igeuke kwa sababu yake. Mimi huwashauri watumie vipande vya DNA vyenye thimini nyingi (thimini ni mojawapo ya herufi nne za DNA), kwa sababu thimini mbili huibana ioni moja ya zebaki, yaani atomu yake yenye chaji, katikati. Pesa yako iende huko, dhahabu inayotumika ni kidogo tu. Kisha linganisha maji safi ya maabara, maji ya kisima, na maji yale yale ya kisima uliyoyatia zebaki ya kiwango unachokijua. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa mikrogramu 6 kwa lita kwa maji ya kunywa; sensa inayoanza kuona kwenye 100 haimsaidii mnywaji.

Mabaki ya zebaki usiyamwage kwenye sinki hata kidogo. Yaweke kwenye chupa yenye lebo, umkabidhi msimamizi wa maabara.

Tuambie maji unayotaka kupima ni ya wapi na bajeti yako ni ngapi, tuendelee kutoka hapo.