Menyu zinazonyamaza mbele ya kisoma skrini

Umeuliza kwa nini NVDA, kisoma skrini cha Windows kinachowasomea kwa sauti wasioona, inasema "menyu" kisha inanyamaza ukishuka kwa mishale katika programu fulani, na kama uiondoe na kuiweka upya. Usihangaike, NVDA yako huenda ni nzima. Fungua Notepad, kihariri kidogo cha maandishi cha Windows, bonyeza Alt, tembea kwa mishale. Ikisoma huko, kosa ni la ile programu nyingine.

Mara nyingi waundaji wa programu huchora menyu yao wenyewe badala ya kutumia ile ya mfumo. Kwa jicho inapendeza, lakini kisoma skrini hakioni picha: kinategemea programu ikitangazie jina la kila kipengele, aina yake, hali yake (kimezimwa, kina alama ya tiki) na kipengele ulichofikia kwa mishale. Hayo yasipotangazwa, hakuna cha kusoma.

Kwa sasa jaribu Shift+F10, inayofungua menyu ya kubofya kulia, au njia za mkato kama Ctrl+S ya kuhifadhi, ambazo aghalabu hufanya kazi hata menyu ikiwa bubu. Halafu waandikie waundaji. Usiseme tu "haisomeki". Taja menyu ipi, kitufe ulichobonyeza, ulichosikia, na toleo la programu na la NVDA. Malalamiko ya jumla huwekwa kando, nimeyaona.