Nani hasa mwenye kauli? Kupima madaraka kwenye utafiti wa afya ya akili

Swali: Shikamoo Daktari. Nachunguza jinsi madaraka ndani ya jamii yanavyoathiri afya ya akili ya wakazi. Nina jamii mbili, dodoso la PHQ-9 la kupima sonona, na orodha ya viongozi. Nitaviunganishaje?

Jibu: Marahaba. Dodoso halina neno. Linalonitia shaka ni hiyo orodha. Kama umeipata ofisini, umepata wenye vyeo. Wenye kauli huenda ni wengine. Floyd Hunter, mwanasosholojia wa Marekani, katika kazi yake ya 1953 kuhusu mji wa Atlanta, aliwauliza wenyeji nani anaaminika kuwa na nguvu. Robert Dahl, mwanasayansi ya siasa wa hukohuko, kwenye utafiti wa mji wa New Haven uliotoka 1961, alifuata maamuzi yenyewe: nani alileta hoja, nani alipinga, nani alishinda. Mwaka 1962 wanazuoni wenzao Bachrach na Baratz wakagusa penye uzito zaidi, yaani nguvu ya kuzuia jambo lisifike kikaoni kabisa.

Mimi ningeanzia hapo. Muulize mkazi: mara ya mwisho ulipoonewa ulimwendea nani? Ulisubiri siku ngapi? Lipi uliona heri ulinyamazie? Uliza yaliyotendeka kuliko anavyojisikia, maana mwenye sonona huona kila mlango umefungwa, hata ulio wazi.

Halafu hizo jamii mbili. Hata ukihoji watu 600, ukizilinganisha una vitu viwili tu, na tofauti yake yaweza kuletwa na njaa au barabara. Ongeza jamii, au kama fedha hairuhusu (najua hairuhusu), pima nafasi ya kila mtu ndani ya jamii yake: anamtegemea nani kwa ardhi, kazi, mkopo, na je, anaweza kumkatalia?

Angalia pia nani anakuingiza. Niliwahi kutembezwa na msaidizi wa kiongozi. Alisimama mlangoni, mikono nyuma. Nyumba saba, kila swali la dodoso sifuri, yaani hakuna dalili hata moja. Niliporudi peke yangu, mama aliyekuwa amesema hajambo kabisa alizungusha kalamu yangu mezani, kisha akauliza kama mwenye shamba atazisoma zile karatasi. Sifuri zake nilizifuta siku hiyohiyo.

La mwisho, swali la tisa la PHQ-9 linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Kabla hujaingia uwandani, tafuta mhudumu atakayempokea kila atakayekubali kuwa nayo, na asiwe mtu aliyemo kwenye orodha yako.